Mtama wa Mama Mkwe, Mahindi ya Mume Wangu

Nilizaliwa Kibakwe, juu milimani, ambako kijito kilipita nyuma ya nyumba yetu na hakuna aliyesimama kukitazama. Nilipoolewa nikashuka tambarare, upande wa nyuma ya Mkonze, pembeni mwa mji, pale ambapo viwanja vilivyopimwa vinakoma na mashamba yanaanza. Chakula chetu chote kilitoka kwenye shamba moja, na shamba hilo lilikuwa na ugomvi wake.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa mtama. Mume wangu, ambaye ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani, alikuwa mtu wa mahindi. Kila mwaka, upepo wa kiangazi ulipoanza kuzungusha vumbi uani, nao walianza.

"Nchi hii si ya mahindi," mama alisema. "Baba yako alijaribu. Nani alikula?"

"Baba alipanda mbegu ya zamani, mama. Siku hizi kuna mbegu ya muda mfupi. Mvua kidogo tu, imekomaa."

"Mbegu inajuaje muda?"

"Ndiyo ilivyotengenezwa."

"Basi na mvua nayo waitengeneze."

Hapo mume wangu alicheka, na mimi nikacheka huku nikichambua mlenda, na binti yetu, aliyekuwa darasa la nne, akacheka kwa sababu tumecheka. Hatukuwa na mazungumzo mengine yaliyotupendeza kama yale. Watu wa nyumba nyingine wana mpira, wana siasa, wana majirani wa kuwasema. Sisi tulikuwa na mtama na mahindi.

Hata namna ya kupanda hawakukubaliana. Mama alipanda kwa kuberega, kama walivyopanda wazazi wake: anakwangua majani juu juu, hachimbui udongo, anafukua kishimo kwa jembe dogo, anadondosha punje, anafukia kwa unyayo na kusonga mbele. Mabwana shamba wamekataza jambo hilo tangu mimi sijaolewa. Mume wangu yeye alikodi ng'ombe wa plau, akalima mpaka udongo mwekundu ukapinduka, kisha tukavuta kamba tukapanda kwa mistari, mimi nikishika ncha moja na yeye nyingine.

Mwaka ninaousimulia waliamua kuumaliza ugomvi. Shamba lilikuwa na njia ya miguu iliyolikata katikati. Mume wangu akasema upande wa kushoto wote uwe mahindi, wa kulia wote uwe mtama, na wakati wa mavuno ionekane. Mama akakubali haraka kuliko tulivyotegemea.

"Na mkwe wangu atakuwa upande gani?" aliniuliza.

"Mimi nitapalilia kote, mama."

"Huyu ana akili," akamwambia mwanawe.

Mvua ya kwanza ilinyesha vizuri, mchana kweupe, na ikaloweka hadi chini. Tukapanda siku zilizofuata, kila mtu upande wake. Mama alipanda mbegu yake mwenyewe, ile aliyoitunza kila mwaka kwa kufunga masuke mazuri kwenye paa la jiko, juu ya moshi, ili wadudu wasiyaguse. Aliipata mbegu ile kwa mama mkwe wake. Hakupanda yote. Hakuwahi kupanda yote.

Mimea ikaota. Sijaona shamba zuri kama lile, nasema kweli. Mahindi yalisimama kwenye mistari yake kama watoto wa shule asubuhi, na ng'ambo ya njia mtama ulikuwa umetawanyika ovyo ovyo lakini wenye afya, kijani cha kuiva. Tulipalilia mara ya kwanza tukiimba. Treni ya umeme ilipita kwa mbali na binti yetu akaipungia mkono kama kawaida yake. Mume wangu alikuwa akisimama kwenye njia, anageuka kushoto, anageuka kulia, anatabasamu.

Kisha mvua ikakata.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Katikati ya msimu huku kwetu mvua huwa inapumzika, watu wanapata nafasi ya kupalilia, halafu inarudi. Tulipalilia. Tulimaliza. Tukaanza kupalilia mahali ambapo hapakuwa na majani. Mawingu yalikuja mchana, yakakaa juu ya vilima, jioni yakaondoka. Mume wangu alipokea utabiri kwenye simu na kutusomea, baadaye akawa anausoma peke yake, baadaye akaacha kuusoma.

Kanisani mchungaji alituombea mvua. Majirani zetu Waislamu waliotoka Kondoa walikwenda uwanjani wakasali, wanaume mbele, wanawake nyuma, na kanzu zao zikajaa vumbi. Siku ile ya sala yao lilipita wingu moja jeusi sana, na watu wote, wa dini zote, tulisimama milangoni. Likapita.

Majani ya mahindi yalianza kujikunja mchana na kufunguka alfajiri. Ukitazama asubuhi unasema yanapona. Baadaye yakawa hayafunguki tena. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele tu, ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinachungulia, nazo zikakauka zikiwa fupi. Mume wangu alikuwa anaingia mstari kwa mstari akigusa mashina, kama mtu anayeangalia homa. Aliporudi hatukumwuliza.

Mama alimwambia mara moja tu. Tulikuwa tunakula. Akasema, "Mtama bado umesimama."

Mume wangu akajibu, "Nimeona, mama."

Sauti yake haikuwa na hasira wala kushindwa. Mama akamtazama, kisha akamsogezea bakuli la mboga. Nadhani alijuta kuutaja mtama.

Na ni kweli, mtama ulisimama. Mahindi yalipokuwa yamegeuka rangi ya karatasi, ng'ambo ya njia bado palikuwa na ukijani, mzito, wenye kununa. Ukatoa masuke. Tukaanza kuhesabu chakula vichwani mwetu bila kuambiana: gunia hili la kula, hili la kubadilisha na mafuta, hili la akiba. Mimi nilifikiria hata sare ya binti yetu. Upepo ukabadilika, ukawa ule mkavu wa kutoka mashariki ambao huwa haufiki mapema namna ile, na ukavuma mchana na usiku.

Siku moja mama aliniita shambani. Nilimkuta amesimama katikati ya mtama wake, ameshika suke mkononi. Akalisugua kwa viganja viwili, taratibu, kama alivyofanya kila mwaka kabla ya kuvuna. Kisha akafungua viganja na kupuliza. Makapi yakaruka. Mkononi hakikubaki kitu.

Akachukua suke jingine. Akasugua, akapuliza. Akachukua jingine la upande mwingine wa shamba, tukatembea hadi huko, akasugua, akapuliza.

"Mapepe," akasema.

"Yote, mama?"

"Twende nyumbani."

Nyumbani akamwambia mwanawe kwamba mtama nao umekwisha. Mume wangu alikuwa ananoa panga. Akaendelea kunoa. Nilitegemea aseme lolote, hata neno baya, hata acheke. Hakuna aliyekuwa ameshinda na hakuna aliyekuwa ameshindwa, na kuanzia siku ile hapakuwa tena na cha kubishania. Nyumba yetu ikanyamaza.

Watu wanaposimulia ukame wanasimulia njaa. Njaa ilikuwapo, sikatai. Tulikula mara moja kwa siku, mlenda mwingi na ugali kidogo, na kisima cha kijiji kilipopungua tulipanga ndoo tangu alfajiri. Lakini ninachokumbuka zaidi ni kwamba sikusikia kitu moyoni. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, ukiugonga unajua umeugonga lakini huumii. Jirani yetu mmoja, mwanamke tuliyezoea kwenda naye kisimani, alikuja akakaa uani akalia. Mumewe alikuwa ameondoka bila kuaga. Nilimshika mkono kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na muda wote nilikuwa natazama kuku wetu mmoja anavyokwangua mahali ambapo hapana kitu. Alipoondoka mama akaniambia, "Ungemwambia pole."

"Sikumwambia?"

"Hukumwambia."

Sikuwa najua.

Halafu akaja mfugaji. Alikuwa anakaa ng'ambo ya korongo, mtu mzima, mwenye ng'ombe wengi kabla ya mwaka ule. Alikuja asubuhi, akasimama nje ya ua wa miiba, akabisha hodi kwa salamu yetu ya huku.

"Mbukwenyi."

"Mbukwa," mama akajibu. "Karibu."

Nikamwamkia shikamoo, nikampa kigoda. Hakukaa. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili na kusema kwamba amepita njia na kuona shamba letu halitavunwa. Kwamba ng'ombe wake wanaanguka. Kwamba kama tutakubali, waingie wale yale mabua kabla upepo haujayamaliza, na wakilala humo siku kadhaa watatuachia samadi. Maziwa angetuletea, alisema, lakini ng'ombe wake hawana maziwa, hataki kutudanganya.

Mama alimtazama mwanawe. Mume wangu alikuwa anatazama chini.

"Unasemaje?" mama akamwuliza.

"Shamba ni lako, mama."

"Upande wa mahindi ni wako. Tulikubaliana."

Mume wangu akainua mabega kidogo, basi. Mama akamgeukia yule mfugaji.

"Walete," akasema. "Afadhali walio hai washibe."

Wakaja mchana uleule. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyekwenda kuvuta matawi ya miiba tuliyozibia mlango wa shamba tangu kupanda, yale tuliyoyaweka ili ng'ombe wasiingie. Aliyaburuta pembeni moja moja, kwa utaratibu, kama mtu anayefungua duka. Ng'ombe walisita kwanza. Wamezoea kufukuzwa mahali kama pale. Mfugaji akapiga mluzi na wakaingia.

Mimi nilikuwa uani natwanga. Nilisikia mabua yakivunjika, sauti nyingi ndogo ndogo kama moto wa makuti. Nikaendelea kutwanga. Binti yetu alisimama mlangoni akaniuliza, "Mama, wanakula shamba letu?"

"Ndiyo."

"Si tuwafukuze?"

"Tumewakaribisha."

Akatafakari, kisha akakimbia kwenda kuangalia. Baadaye nami nikaenda, kwa sababu unga ulikuwa umekwisha kwenye kinu na sikuwa na kazi nyingine.

Ng'ombe walikuwa wameenea pande zote mbili, mahindi na mtama, na njia ya katikati ilikuwa imekwishapotea chini ya kwato zao. Walikuwa wamekonda kiasi kwamba unaona mshipa wa shingo unavyocheza wakimeza. Mmoja, jike jekundu, alikuwa ameingia hatua chache akalala, na hakuweza kuinuka. Mfugaji alimvuta mkia, akamsukuma, akaacha. Mume wangu akaja. Akamtazama yule ng'ombe muda. Kisha akaingia kwenye mstari wake wa kwanza wa mahindi, akavunja bua, akalichana majani, akamletea mdomoni. Ng'ombe akala. Akarudi, akavunja jingine. Alikwenda hivyo na kurudi, mstari ukawa wazi, akaanza wa pili. Jasho lilimlowesha shati. Alikuwa anamnong'oneza kitu, sikusikia ni nini. Mimi katika miezi ile sikuwa nimemwona akimsemesha mtu kwa upole kiasi kile.

Nilisimama nikamtazama nikajua kwamba hilo ni jambo la kumtoa mtu machozi. Nililijua kama unavyojua jina la mji ambao hujafika. Nikasubiri nione kama nitalia. Sikulia. Nikarudi kuosha kinu.

Ng'ombe yule alisimama siku ya pili. Sijui kama alimaliza mwaka.

Shamba lilipokuwa tupu, mume wangu akaenda mjini, Majengo, kwenye maduka ya nafaka. Alipata kazi ya kushusha magunia kwenye malori. Alilala huko huko, stoo, na wenzake, na akarudi Jumapili kwa Jumapili. Aliporudi alikuwa na vumbi la nafaka kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya shingo hata baada ya kunawa, na alibeba mfuko wa mahindi yaliyomwagika, yaliyofagiwa sakafuni pamoja na mchanga. Mimi na mama tuliyapepeta na kuyachambua.

"Ya wapi haya?" mama aliuliza mara ya kwanza, akiinua punje kwenye mwanga.

"Sumbawanga."

"Makubwa."

"Huko mvua ipo."

Mama alikula ugali wake. Alipomaliza akasema, "Haya mahindi yanateremka kweli? Mimi naona kama sijala." Mume wangu akamtazama, na kwa muda mfupi nikadhani wataanza. Lakini akasimama akachukua kofia yake, kwa sababu usafiri wa kurudi mjini ulikuwa unakwisha mapema.

Mahindi ya kufagia hayakutosha. Mama akaniambia niende kwetu. Aliniambia kwa shida, maana kwa mtu wa umri wake kumtuma mkwe arudi kwao kuomba chakula ni sawa na kuvua nguo.

"Wasalimie sana," akasema. "Waambie huku tuko salama."

"Nitawaambia, mama."

"Usiwaambie habari ya ng'ombe."

Nikaenda Kibakwe. Huko mvua ilikuwa imepungua pia, lakini vilima vilikuwa na kijani, maharage yalikuwa yameivia shambani na watu walikuwa wanagombana kuhusu mambo ya kawaida. Mama yangu mzazi aliniona ninapanda njia akaweka mkono mdomoni. Sikuwa nimejitazama kwenye kioo muda mrefu, kwa hiyo sikuelewa anashangaa nini. Aliniuliza habari za kila mtu na nikamjibu nzuri, nzuri, salama. Akaninyang'anya mfuko, akanikalisha, akachemsha maji.

"Kaoge kwanza," akasema.

Alikuwa amenijazia ndoo nzima, ya moto, na nyingine ya baridi ya kupoozea. Niliingia bafuni nikazitazama. Nilioga kwa kikombe, kwanza uso, kisha kwapa, kisha miguu, kama tulivyozoea, na nilipomaliza maji yalikuwa yamepungua kidogo sana. Nikatoka na ndoo nikamwambia haya yaliyobaki tunaweza kufulia.

Mama yangu aliinuka. Aliichukua ile ndoo, akanirudisha bafuni, akanivua kitenge kama mtoto, akanimwagia maji yote, kuanzia kichwani, mpaka ya mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa analia. Mimi nilikuwa nafikiria maji yanavyokwenda, yanapita chini ya mlango, yanaingia kwenye migomba.

Jioni ile aliniambia, "Kamchukue mtoto mje mkae hapa mpaka msimu mwingine. Mumeo yuko mjini. Mama mkwe wako ana ndugu."

"Nitaona, mama."

"Utaona nini? Huna hata hasira. Mtu akikosa hata hasira mimi naogopa."

Alikuwa na haki. Nililala pale siku mbili, nikala mpaka tumbo likauma, kisha nikamwambia narudi. Aliniuliza sababu. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa ni mapenzi, au ahadi ya ndoa, au huruma kwa yule mama. Ukweli ni kwamba sikuwa na sababu. Kubaki kulihitaji niamue, na kurudi hakukuhitaji. Akanifungia mahindi, maharage, na kitunguu kikavu, akanisindikiza mpaka kituoni, na hakunipungia mkono gari lilipoondoka.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kizingiti cha jiko. Binti yetu alikuwa amelala juu ya mkeka ndani, mchana, naye si mtoto wa kulala mchana. Karibu yake palikuwa na kikombe cha uji kilicholambwa kikawa safi. Jiwe la kusagia, ambalo halikuwa limetumika tangu mashine ya kusaga ifike kijijini, lilikuwa limetolewa nje na lilikuwa na unga kwenye mikwaruzo yake.

"Alianguka shuleni," mama akasema. "Paredi. Mwalimu na mwenzake ndio waliomleta. Sasa ni mzima."

Nikaingia nikamgusa paji la uso. Alikuwa mzima. Nikatoka nikatazama paa la jiko. Masuke ya mbegu hayakuwapo. Zilibaki kamba zake tu, nyeusi kwa moshi.

"Nimesaga mbegu," mama akasema.

"Yote, mama?"

"Kwanza nilisaga nusu. Ikawa haijai kikombe." Akajifuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. "Nikasaga yote."

Nilitua mzigo wangu chini. Maharage yalisikika yakihama ndani ya mfuko. Alitazama mfuko, akatazama pembeni. Hatukusema kwamba ningewahi siku moja au mbili mbegu ingepona; isingekuwa kweli, kwa sababu mtoto alianguka siku ileile niliyoondoka, na uji ule, alionyweshwa kidogo kidogo tangu siku hiyo, ndio uliomfanya aamke. Nilijua mbegu ile ilikuwa nini kwake. Alipoolewa alipewa na mama mkwe wake mkononi, hakupewa kitu kingine. Nilitakiwa kupiga magoti, nimshike miguu, nimshukuru.

"Sawa, mama," nikasema. "Niweke maharage?"

"Weka."

Tukayaweka. Yalichukua muda mrefu kuiva, maana yalikuwa makavu na kuni zilikuwa chache. Tulikaa pande mbili za jiko tukiyasubiri, na binti yetu aliamka kwa harufu akaja kukaa katikati.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha. Nilikuwa nasikia watu wakipiga vigelegele huku na huku, na mimi nilikuwa nabambua karanga ambazo shemeji wa jirani alituletea. Nikasogea ndani kidogo zisilowane, nikaendelea. Mume wangu alikuja akapanda pamoja nasi, mahindi na alizeti kidogo na mtama, bila mpaka wowote, kila kitu palipokuwa na nafasi. Mbegu ya mtama ilitoka kwa dada yake mama, kijiji cha mbali. Mama aliimwaga kiganjani akaichungulia.

"Si ule," akasema.

"Ni mtama, mama," mume wangu akamwambia.

"Nimesema si mtama? Nimesema si ule."

Akaupanda vilevile, kwa kuberega, akifukia kwa unyayo. Samadi ya ng'ombe wa yule mfugaji ilisaidia, majani yalitoka meusi meusi. Mavuno hayakuwa ya kusimuliwa lakini tulikula, na tukaweka.

Mimi ganzi ile haikunitoka na mvua. Haikunitoka hata na mavuno. Ilinitoka siku moja ya kipupwe, bila kutarajia, nilipokuwa naepua sufuria. Mfuniko uliteleza ukaniunguza kidole cha shahada, kidonda kidogo kabisa, na nikapiga kelele. Kisha sikuweza kunyamaza. Nililia tangu mchana mpaka jua likashuka. Nilimlilia yule jirani niliyeshindwa kumwambia pole. Nilimlilia ng'ombe mwekundu, na mume wangu na majani yake, na maji yaliyopotelea kwenye migomba. Binti yetu aliogopa akaja mbio.

"Bibi, mama ameungua!"

"Mwache," nilimsikia mama mkwe akisema nje. "Mfukuze huyo kuku aondoke kwenye mboga. Mama yako mwache."

Alikaa nje ya mlango wa jiko muda wote ule, akisuka ungo. Hakuingia, na hakuruhusu mtu aingie. Nilipotoka, macho yamevimba, alinitazama mara moja akaninyooshea kipande cha shubiri alichokuwa amekikata.

"Paka hapo kwenye kidole," akasema.

Mume wangu hakurudi kuishi kwa kulima. Mwanzoni tulisema ni kwa msimu mmoja. Sasa yuko Majengo karibu wakati wote, hashushi tena magunia, amepewa kazi ya kusimama kwenye mizani, na mgongo wake unashukuru. Anakuja kupanda na kuvuna. Katikati ya hapo shamba ni langu na mama, na mama siku hizi anakaa kwenye kigoda kwenye njia na kunielekeza kwa fimbo mahali nilipopitiliza. Wakati mwingine ananielekeza vibaya kwa sababu macho yake yamefifia, nami ninakwenda anakoelekeza, ninapalilia palipokwisha kupaliliwa, kisha ninarudi.